Je, umeme unaweza kuzuia utando wa kuchuja maji ya Ziwa Kivu usizibe?

Mchotaji_Himbi (Goma)

Ndugu zangu, jambo. Ninasimamia kituo kidogo cha maji hapa Goma, upande wa Himbi, karibu na ziwa. Tunavuta maji kwa pompi inayoendeshwa na paneli za jua, tunayapitisha kwenye chujio la mchanga, kisha kwenye utando wa mirija myembamba kama tambi ambayo matundu yake ni ya mikromita 0.02 hivi, na mwishoni tunatia klorini kabla watu hawajajaza bidoni zao. Kituo hutoa mita moja ya ujazo kwa saa, saa nane kwa siku, yaani bidoni 400 za lita 20 siku ambayo mambo yamekwenda sawa.

Shida yangu ni huo utando. Ulipokuwa mpya, shinikizo la bari 0.3 lilitosha kupitisha maji yote hayo. Sasa, siku tatu au nne tu baada ya kuuosha kwa dawa, shinikizo linafika bari 1 na pompi inaanza kulemewa. Ninausukumia maji kinyume kila baada ya nusu saa, nao unafunguka, lakini kila wiki ninaanza nikiwa nyuma kidogo ya pale nilipoanzia wiki iliyotangulia. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hali huwa mbaya mwezi wa saba na wa nane, wakati hakuna mvua na maji ukiyatazama kwenye glasi yanang'aa, ilhali wakati wa mvua, tope linaposhuka kutoka mitaa ya juu, chujio la mchanga hulizuia na utando haunisumbui sana.

Sasa kuna mfanyabiashara aliyeniletea kifaa cha waya unaozungushwa nje ya bomba na kuchomekwa kwenye umeme, akisema kwamba mawimbi yake yatazuia utando usizibe tena bila dawa yoyote. Bei yake inakaribia bei ya utando mpya. Nimewahi pia kusoma kwamba watafiti hutumia umeme wa kweli, wenye elektrodi, yaani vipande vinavyopitisha umeme, zilizozamishwa majini, kwa kazi hiyohiyo. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama hivyo viwili ni kitu kimoja, na kama kuna njia inayofaa kwa maji yetu. Vipimo nilivyo navyo ni hivi: pH, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, ni 9 na kitu kidogo, uwezo wa maji kupitisha umeme ni karibu mikrosimensi 1,200 kwa sentimita, joto ni nyuzi 24. Birika tunalochemshia maji hayohayo hupata ukoko mweupe baada ya wiki chache.

Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)

Ndugu wa Himbi, umefanya vema kuleta vipimo, kwa sababu hizo pH na mikrosimensi zako ndizo zitakazoamua karibu kila kitu katika jibu hili.

Nianze na kifaa cha waya, ili tumalizane nacho. Vifaa vya namna hiyo vimeuzwa kwa miaka mingi kwa ajili ya ukoko wa chokaa ndani ya mabomba na birika, na hata huko majaribio hayajakubaliana kuhusu faida yake. Wewe mwenyewe unasema utando wako hukusumbua zaidi wakati wa kiangazi, jambo ambalo nitaonyesha kwamba linaelekeza kwenye viumbe hai na uteute wao, wala si chokaa peke yake. Waya uliofungwa nje ya bomba hauweki mkondo wa maana ndani ya maji. Usiitoe fedha yako.

Umeme wa kweli ni habari nyingine, nao haufanyi kazi kwa njia moja. Chembe nyingi zilizomo kwenye maji ya kawaida, kama udongo wa mfinyanzi, mwani, bakteria na masalio ya mimea iliyooza, hubeba chaji hasi juu ya ngozi zake, na tando nyingi za kuchujia zina chaji hasi vilevile. Kwa kuwa zinasukumana, chembe hizo hubaki zimetawanyika, ndogondogo, haziungani wala hazitui chini, na zinapolazimishwa na shinikizo zinajipanga juu ya utando na kuingia kwenye matundu yake. Mtu mwenye umeme mkononi anaweza basi kuchagua mojawapo ya mambo mawili: kuzidisha huko kusukumana ili chembe zikae mbali na utando, au kukomesha kabisa kusukumana huko ili chembe ziungane na kuwa mabonge makubwa kabla hazijaufikia.

Njia ya kwanza ndiyo inayovutia macho katika makala za watafiti. Unaweka elektrodi moja kila upande wa utando, na uga wa umeme, yaani nguvu ya umeme iliyopo kati ya elektrodi hizo, unazirudisha nyuma chembe zenye chaji hasi huku maji yakiendelea kupita. Wengine wameenda mbali zaidi na kutengeneza utando ambao wenyewe unapitisha umeme, kwa kutumia nyuzi za kaboni au oksidi za titani, kiasi kwamba volti moja au mbili tu huzuia utelezi wa bakteria usishike. Katika Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, walijaribu kuweka elektrodi kuuzunguka utando uliozama ndani ya tangi la maji machafu, wakiwasha umeme kwa dakika chache na kuuzima kwa muda mrefu zaidi, ili bakteria wanaosafisha maji wasidhurike.

Lakini tuhesabu kwa maji yako. Ili kuzirudisha chembe kwa nguvu inayoshindana na maji yanayovutwa, mara nyingi huhitajika volti kadhaa, na pengine makumi ya volti, kwa kila sentimita. Chukua volti 20 kwa sentimita. Katika maji ya mikrosimensi 1,200, uga huo unapitisha miliampea 24 kwa kila sentimita ya mraba, yaani ampea 240 kwa mita ya mraba, na kama elektrodi zimeachana sentimita moja, hizo ni wati 4,800 kwa kila mita ya mraba ya utando. Mita hiyo ya utando haitakupa zaidi ya lita 60 kwa saa hivi. Ukigawanya, utakuta kilowati-saa 80 kwa kila mita ya ujazo, wakati kusukuma maji hayohayo kwa bari 1 kunahitaji, kwa hesabu tupu, chini ya kilowati-saa 0.03. Ungekuwa umetengeneza birika, si chujio. Ukishuka hadi volti 2 kwa sentimita, gharama inakuwa karibu kilowati-saa 0.8, ambayo bado ni nzito kwa paneli zako, na hapo nguvu ya kusukuma chembe imeshapungua mara kumi. Njia hii hupenda maji yasiyopitisha umeme vizuri, na Ziwa Kivu limejaa chumvi za volkano.

Njia ya pili ni ugandishaji kwa umeme. Badala ya kumwaga shabu ndani ya maji, unazamisha bamba za chuma au aluminiamu na kupitisha mkondo mnyoofu kama wa betri, na bamba la upande chanya linayeyuka kidogo kidogo likitoa madini yanayokusanya chembe kuwa mabonge. Si jambo geni: mnamo miaka ya 1880 William Webster alikuwa tayari anajaribu kusafisha maji machafu ya London kwa bamba za chuma na umeme. Hapa chumvi za ziwa, ambazo zilikuwa adui katika njia ya kwanza, zinakuwa rafiki, kwa sababu maji yanayopitisha umeme vizuri yanahitaji volti chache. Kwa mkondo wa ampea 20 kwa mita ya mraba na nafasi ya sentimita moja kati ya bamba, maji yako yanakula volti 1.7 tu. Maji ya mvua tunayoyakinga hapa Bukavu kutoka kwenye mabati, yenye mikrosimensi 50 au chini ya hapo, yangekula volti 40 kwa kazi hiyohiyo.

Sasa pH. Watu wengi wakisikia ugandishaji kwa umeme hukimbilia aluminiamu kwa kuwa haitii maji rangi. Aluminiamu hutulia na kuwa mabonge vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7.5 hivi, ikifika 9, sehemu kubwa yake huyeyuka tena na kupita kwenye utando wako pamoja na maji, mpaka kwenye bidoni ya mama mwenye nyumba. Ungelazimika kutia asidi kwanza, na maji ya Kivu yana bikaboneti, chumvi inayomeza asidi, nyingi mno, kwa hiyo asidi hiyo ingekuwa ya kumwaga kwa ndoo. Chuma kinafanya kinyume chake. Kinatoka kwenye bamba kikiwa katika hali ya kwanza, inayoyeyuka, na lazima oksijeni ikigeuze kwenda hali ya pili ndipo kigande. Kwenye maji ya pH 6 mgeuko huo unaweza kuchukua saa nyingi. Kila pH inapopanda kwa kipimo kimoja, hadi karibu 8, unakwenda mara mia moja haraka zaidi, na kwenye pH 9 hauzidi dakika chache. Kwa maji yetu, basi, ni chuma.

Na kuhusu mwezi wa saba: pepo za kiangazi hulichanganya ziwa kwa kina kirefu zaidi na kupandisha juu virutubisho vilivyokuwa vimekaa chini, na hapo mwani huongezeka, hasa daiatomu, ambazo zina gamba kama la kioo na ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona zikiwa chache ndani ya glasi. Kinachoziba matundu si mwani wenyewe sana bali ute unaotoka kwake. Tope la mvua lina chembe kubwa ambazo mchanga unaziweza. Ute unapita kwenye mchanga kama mgeni aliyealikwa.

Muuguzi_Majengo (Goma)

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa maelezo. Mimi si mtu wa mashine, ila nataka kuongeza jambo moja kwa ndugu wa Himbi kabla hajaanza majaribio. Usije ukashawishika kuyapitisha maji pembeni mwa utando wako siku ambazo umeziba, ukitegemea klorini peke yake. Kwenye maji yenye pH 9, karibu asilimia 3 tu ya klorini unayotia ndiyo iliyo katika umbo lenye nguvu ya kuua vijidudu haraka. Iliyobaki ipo, kipimo chako kitaionyesha, lakini inafanya kazi polepole sana. Katika mji ambao kipindupindu hakiishi kurudi, utando ndio unaotukinga kwa kweli, na klorini ni ya kulinda maji yakiwa ndani ya bidoni njiani kwenda nyumbani.

Nina swali pia. Watoto wengi wa mji huu wana meno yenye madoa ya kahawia, na tunajua kwamba ni fluoridi ya maji ya eneo la volkano. Je, hizo bamba za umeme zitaiondoa? Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita.

Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)

Marahaba, Mama Muuguzi. Swali lako ni zuri na jibu lake halitakufurahisha. Utando wa namna hii hauzuii fluoridi hata kidogo, kwa sababu fluoridi imeyeyuka na matundu ni makubwa mno kwake. Aluminiamu kwa umeme huweza kuikamata, lakini inafanya hivyo vizuri pH ikiwa karibu na 6 au 7, na tumeshaona ugumu wa kulishusha ziwa hadi hapo. Chuma hakifanyi kazi kubwa kwenye fluoridi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanahusu kuziba kwa utando tu. Fluoridi inahitaji hatua nyingine ya peke yake, au kuchanganya maji ya ziwa na maji ya mvua ili kupunguza ukali wake. Asije mtu akayauza maji haya kwa jina la kuwa yameondolewa fluoridi.

Papa_Elektrolisi (Lubumbashi)

Vijana wa Kivu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye matangi ya kuzalisha shaba kwa umeme, kazi ambayo Katanga inaijua tangu kiwanda cha Shituru kule Likasi kilipoanza mwaka 1929, na nikisoma mambo ya Mwalimu naona ni kazi yetu ileile imegeuzwa kichwa chini. Sisi tulitaka shaba itoke majini na kushika kwenye bamba. Ninyi mnataka chuma kitoke kwenye bamba na kuingia majini. Sheria ya Faraday, inayofungamanisha kiasi cha madini na kiasi cha umeme uliopita, ni moja pande zote mbili.

Chuma kinachoyeyuka ni gramu 1.04 kwa kila ampea kwa saa. Tuseme unataka miligramu 10 za chuma kwa kila lita, kipimo ambacho si kibaya kuanzia. Mita yako moja ya ujazo kwa saa inahitaji gramu 10 kwa saa, kwa hiyo ampea 9.6. Fundi asiye na uzoefu atanunua kifaa cha volti 3 na ampea 10, ambacho hatakipata sokoni. Fundi mwenye uzoefu atapanga bamba nne kwa mstari ili zifanye vyumba vitatu vinavyofuatana, aunganishe umeme kwenye bamba la kwanza na la mwisho tu, na mkondo uleule upite vyumba vyote vitatu ukifanya kazi mara tatu. Sasa unahitaji ampea 3.2, na volti zinajumlishwa: karibu 3 kwa kila chumba, ukihesabu zile 1.7 za maji na nyingine zinazoliwa kwenye uso wa bamba, jumla 9 au 10. Betri ya volti 12 iliyounganishwa na paneli zako inatosha na kubakiza kidogo cha kurekebishia. Kila bamba liwe na uso wa sentimita 40 kwa 40 majini. Umeme wote hauzidi wati 40, chini ya taa moja ya zamani. Maji yalazimike kupita katikati ya bamba, yasipate nafasi ya kuzunguka pembeni, na umeme vilevile.

Haya mengine nayasema kwa ukali kwa sababu nimeona mikono ya watu. Bamba ziwe za chuma cha kawaida, kipya, kile fundi wa kuchomelea milango anachonunua. Usitumie bati la nyumba, kwa maana limepakwa zinki. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kwa maana kina kromi na nikeli. Na huku kwetu kuna watu wanaouza bamba zilizotoka viwandani, nyingi zikiwa za risasi. Nzuri kwa kazi yao, sumu kwenye maji ya kunywa. Kila ampea-saa moja inapopita kwenye chumba kimoja, upande hasi unatoa nusu lita hivi ya hidrojeni. Kwenu, kwa vyumba vyote vitatu, ni karibu lita nne kwa saa, ambayo nje haina neno, lakini ndani ya tangi lenye kifuniko kilichobana inajikusanya, na ikifika asilimia 4 ya hewa inangoja cheche tu. Acha kifuniko wazi, weka viungo vya waya nje na juu ya maji.

Jambo la mwisho ni lile birika lako lenye ukoko. Upande hasi hutengeneza ukali wa magadi kwenye uso wa bamba, na maji yenu yenye magnesi nyingi yatalipaka koti jeupe ndani ya siku chache, mkondo ushuke na wewe udhani betri imekufa. Weka swichi ya kugeuza chanya iwe hasi kila baada ya dakika 20 au 30. Bamba lililokuwa limepakwa linakuwa ndilo linaloyeyuka, na koti linabanduka. Wenye mitambo ya kuondoa chumvi kwa umeme wanageuza hivyohivyo tangu miaka ya 1970.

Fundi_wa_Ibanda (Bukavu)

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini naona tunampeleka huyu ndugu mbali kabla ya kumuuliza mambo ya karibu. Je, utando wako una ukubwa gani? Kama unaulazimisha kutoa lita 80 au 100 kwa kila mita ya mraba kwa saa, utaziba hata ukiupelekea maji ya chemchemi. Kuongeza utando wa pili sambamba na kugawa maji hupunguza kuziba zaidi ya nusu, kwa sababu tabaka linalojengeka polepole huoshwa kwa urahisi, na linalobanwa kwa nguvu hugeuka kuwa plasta. Vilevile, bomba lako la kuvutia liko kina gani? Karibu na ufuko, juujuu, ndipo mwani ulipo na jua. Shusha mdomo wa bomba hadi mita 15 au 20 na utaona tofauti. Ila msishuke ovyo: tabaka lenye oksijeni halizidi mita 60 hivi, na wakati wa mvua huwa fupi zaidi, na maji ya chini ya hapo yana gesi na harufu ambayo hakuna mteja atakayeikubali.

Halafu hujatuambia utando unafunguka kwa dawa gani. Uoshe siku moja kwa asidi ya sitriki na upime shinikizo, kisha uoshe kwa klorini na soda kaustiki na upime tena, usizichanganye kamwe asidi na klorini. Ukifunguka kwa asidi, adui ni ukoko, na chuma cha Papa hakitakusaidia kitu. Ukifunguka kwa klorini, adui ni ute, kama Mwalimu alivyosema. Mimi nisingenunua hata bamba moja kabla ya kujua hilo.

Mchotaji_Himbi (Goma)

Ndugu zangu, samahani kwa kukaa kimya majuma matatu. Nimefanya kazi mliyonipa na ninaleta majibu.

Fundi wa Ibanda, nilianza na ushauri wako kwa sababu ulikuwa wa bei rahisi. Asidi ilishusha shinikizo kutoka bari 1 hadi 0.9 tu. Klorini na soda, baada ya kusuuza vizuri, ziliishusha hadi 0.4. Kwa hiyo ni ute, na ukoko ni kidogo. Kuhusu kina, bomba letu lilikuwa mita 4. Tumeongeza bomba na sasa liko mita 14, kazi iliyotuchukua siku mbili na mtumbwi wa kuazima. Siku za kuosha zimeongezeka kutoka tatu au nne hadi sita. Utando wa pili hatuna fedha yake mwaka huu.

Kisha nikajaribu umeme kwenye ndoo, si kwenye kituo. Nilikata juu ya bidoni ya lita 20, nikatia bamba mbili za chuma zilizoachana sentimita moja, betri ya volti 12, na taa ya mbele ya gari katikati ya waya ili ipunguze mkondo, jambo alilonifundisha jirani anayetengeneza pikipiki. Ampea 2 kwa dakika 6, ambazo kwa hesabu ya Papa ni miligramu 10 kwa lita. Bidoni ya pili nikafanya vilevile kwa aluminiamu, nione kwa macho yangu. Ya tatu niliiacha na maji ya ziwa matupu. Nilikoroga polepole robo saa, nikaacha yatulie nusu saa, kisha nikapitisha lita moja ya kila bidoni kwenye karatasi ya chujio ya aina moja na kutazama saa. Maji ya ziwa yalichukua dakika 11. Ya aluminiamu yalichukua 10, na mabonge hayakuonekana kabisa. Ya chuma yalichukua 4, na chini ya bidoni kulikuwa na mashapo ya kahawia kama majani ya chai.

Nilifurahi kupita kiasi, nikaunganisha vyumba vitatu kwenye kituo jinsi Papa alivyoeleza, nikayapeleka maji moja kwa moja kutoka kwenye bamba hadi kwenye utando. Asubuhi ya kwanza yaliyotoka yalikuwa safi. Jioni shinikizo lilikuwa limepanda haraka kuliko kabla ya umeme, na nilipousukumia maji kinyume yalitoka rangi ya kutu. Nimezima kila kitu. Nimekosea wapi?

Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)

Hukukosea sana. Ulikuwa mwaminifu kwenye ndoo, ukawa na haraka kwenye kituo. Kwenye ndoo ulikoroga robo saa na kuacha nusu saa. Kwenye kituo, maji yalitumia muda gani kutoka kwenye bamba hadi kwenye utando? Kama bomba ni fupi, nadhani hazikupita hata sekunde thelathini. Chuma kilifika kwenye utando kikiwa bado katika hali ya kwanza, kimeyeyuka, kikaingia ndani ya matundu na kugeukia humo humo. Kutu iliyozaliwa ndani ya tundu ni mbaya kuliko ute uliokaa juu yake.

Unahitaji tangi kati ya hivyo viwili. Lita 750 zinakupa dakika 45 kwa mwendo wako. Gawa tangi kwa ubao, robo ya kwanza maji yaingie kwa kuanguka kutoka juu ili yavute hewa na kujikoroga, sehemu iliyobaki yatulie, na uchote kutoka juu. Kabla ya kuyapeleka kwenye utando, pima chuma kilichoyeyuka. Kikiwa chini ya miligramu 0.3 kwa lita, kiwango ambacho juu yake maji huanza kuwa na ladha na kutia madoa kwenye nguo, basi mgeuko umekamilika. Na usipunguze kipimo chini ya miligramu 5 kwa kutaka kuokoa bamba, kwa sababu chuma kidogo mno hutengeneza mabonge madogo yasiyotua, nayo yanaziba kuliko maji matupu.

Utando wako uuoshe sasa kwa asidi ya sitriki. Safari hii asidi ndiyo itakayofungua.

Papa_Elektrolisi (Lubumbashi)

Naongeza moja. Asubuhi, kabla ya kuwasha pompi, usiwashe bamba. Umeme ukipita kwenye maji yaliyosimama, chuma chote cha dakika hizo kinarundikana mahali pamoja na kupelekwa kwa mkupuo. Funga swichi ya bamba kwenye waya wa pompi, ziwake pamoja na zizimike pamoja. Bamba zako zitapoteza kama kilo mbili na nusu kwa mwezi zote kwa jumla. Zipime kwa mizani kila mwisho wa mwezi, na zikipungua kuliko hesabu, ujue umeme una njia ya pembeni.

Mchotaji_Himbi (Goma)

Asante Mwalimu, asante Papa. Utando umefunguka kwa asidi, uko bari 0.4. Tangi la lita 1,000 nimelipata, lilikuwa la mtu aliyehama. Kila siku litabaki na tope la kahawia, nalitupa wapi? Sitaki kulirudisha ziwani.

Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)

Usilirudishe, hasa kwa kuwa limebeba mwani na bakteria waliokusanywa. Kwa lita 8,000 kwa siku utapata kama gramu 150 za kutu kavu pamoja na uchafu ulioshikwa, ingawa likiwa bichi litaonekana ndoo nzima. Chimba kitanda cha mchanga chenye kuta za mawe ya volkano, mbali na mahali watu wanapochota, limwage humo, maji yachujike na kukauka kwa jua, kisha uliondoe kwa koleo kila mwezi na kulifukia. Wakati wa mvua lifunike kwa bati. Kwa kazi hiyo bati linaruhusiwa.